Mita Tano kwa Tatu

Mama Sweta alikuwa na mchezo wake. Akikutana na watu asiowajua, msibani au kwenye foleni ya zahanati, alisema kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "Mume wangu ana nyumba ndogo." Wanawake walimshika mkono, wakamwita dada, wakauliza huyo mwanamke ni nani na mwanamume amezaa naye wangapi. Aliwaacha wamtukane huyo mwanamke mpaka wachoke, ndipo akamalizia, "Na mimi ndiye ninayekaa humo."

Watu walicheka mpaka machozi. Yeye hakuwa akicheka.

Nyumba yenyewe ilikuwa mita tano kwa tatu, choo kikiwa ndani ya hizo hizo tano kwa tatu. Mume wake, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hata mama mkwe wake, aliijenga kwa mikono yake binti yao alipokuwa na miaka minne. "Tutakaa humu miaka miwili," alimwambia mkewe siku wanahamia. "Kisha nitajenga nyumba ya maana." Kiwanja kilikuwa chao, tena kikubwa, ungeweza kusimamisha humo nyumba tatu na bado ukabaki na pa kuanika nguo. Upande wa pili wa kiwanja Fundi alijenga karakana yake ya useremala, na karakana hiyo ilikuwa mara nne ya nyumba. Miaka miwili ikapita. Ikapita mitatu, ikapita mitano. Sasa ilikuwa miaka tisa, binti alikuwa na kumi na mitatu, na alikuwa amerefuka ghafla hata wenzake shuleni wakamwita Mlingoti. Jina likamfuata mpaka nyumbani, kama alama za vumbi zilivyomfuata kwenye paji la uso kila alipojigonga kwenye boriti ya dari.

Fundi alikuwa seremala hodari, hilo halina ubishi. Meza ilikuwa ubao uliofungwa ukutani kwa bawaba: ukiufungua ni meza, ukiukunja ni ukuta. Benchi lilikuwa sanduku. Ngazi ya kupanda darini ilikuwa na vidato saba, na kila kidato kilikuwa droo. Cha kwanza viatu, cha pili unga, cha tatu madaftari ya shule, cha nne nguo za ndani, na kuendelea. Mama Sweta alikanyaga unga kila alipokwenda kulala. Kule darini lilikuwepo godoro lao, na kati ya godoro na mabati palimtosha mtu kulala chali na kufikiri. Kuketi hapakutosha. Mlingoti alilala chini, juu ya benchi, miguu ikining'inia.

Sasa mweke humo mwanamke anayefuma sweta za shule. Mashine yake ya kufumia ilikuwa na urefu wa mita moja na kitu, na pa kuiweka palikuwa mahali pamoja tu, mezani. Akitaka uzi mwekundu, ulikuwa ndani ya benchi. Benchi halifunguki mpaka meza ikunjwe. Meza haikunjwi mpaka mashine ishuke. Na mashine ikishuka haina pa kukaa ila mlangoni, na ikishakaa mlangoni hakuna atokaye wala aingiaye. Kupika ni hivyo hivyo, maana meza ikiwa wazi ilikuwa inaziba jiko. Alifanya hayo mara tatu, mara nne kwa siku, wakati Fundi yuko karakana anapiga randa na kuimba.

Siku moja mwalimu mkuu alimrudishia sweta ishirini na mbili. Ufumaji haukuwa na kosa. "Mama, zinanuka vitunguu," mwalimu alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma. Alizifua zote, akazianika, na jioni akamweleza mumewe.

Fundi alikuwa anakula. "Tatizo si nyumba, mke wangu," alisema. "Tatizo ni vitu. Toa vitu viwili tu, uone nafasi itakavyopatikana." Akatazama huku na huku, akaonyesha kwa kijiko. "Kama ile sufuria kubwa. Ya nini, na sisi tuko watatu?"

Sufuria kubwa ikaenda. Baadaye kikaenda kioo. Likaenda na kabati alilopewa na dada yake siku ya harusi. Msumeno haukwenda hata mmoja.

Hayo yote angeweza kuyameza. Ambalo halikumezeka ni la mama yake. Bibi alikuja mara moja, kukaa wiki mbili, akiwa tayari na nyonga mbaya. Ngazi hakuiweza. Benchi lilikuwa jembamba kwa mtu mzima. Wakamtandikia chini, katikati ya benchi na mlango wa choo, na kila aliyetaka kwenda chooni alimruka kama kizingiti huku akisema samahani bibi, samahani mama. Siku ya tatu asubuhi Bibi alifunga mzigo wake, akasema amekumbuka kwamba hakufunga vizuri banda la kuku. Bibi alikuwa hafugi kuku. Mwaka uliofuata akafariki, bila kurudi tena kwa binti yake.

Mama Sweta alitafuta moyoni mtu wa kumsamehe kwa jambo hilo, akamkosa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameomba msamaha.

Kisha akaja mtangazaji. Alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye viatu vyeupe, amefuatana na mpiga picha wake, na habari za nyumba alizipata kwa mteja mmoja wa Fundi. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi. Tangu asubuhi alikuwa akitoa vitu nje: mashine ya kufumia, magunia ya nyuzi, ndoo, begi la Mlingoti, nguo zilizokuwa kwenye misumari. Vyote alivipanga nyuma ya karakana, akavifunika turubai.

"Hiyo mashine ndiyo kazi yangu," Mama Sweta alisema.

"Ni saa moja tu. Inaharibu picha."

Nyumba ilipobaki tupu hivyo, mkewe mwenyewe alikiri moyoni kwamba ilipendeza. Ilipendeza kama nyumba ambayo hakuna mtu anayeishi ndani yake.

Mtangazaji alikaa kwenye benchi, akafungua meza, akaikunja, akaifungua tena. Akauliza kama kuna kitu wanachokikosa. "Hatukosi kitu," Fundi alijibu, macho yake yakiwa kwenye kamera. "Watu wanateswa na vitu vyao wenyewe. Mtu anajenga vyumba sita, vinne analaza vumbi. Sisi tumechagua kuishi kwa kiasi."

"Na wewe mama, unaionaje?"

Mama Sweta alifungua mdomo.

"Yeye amezoea," Fundi alisema, akamwekea mkono begani, na kamera ikageukia droo za ngazi.

Kipindi kile kilisambaa kwenye simu kama moto wa nyika kavu. Wageni wakaanza kuja kila Jumamosi, kuona kwa macho yao. Walivua viatu mlangoni, vikajaa mpaka uani. Walivuta droo bila kuuliza, kwa sababu Fundi alikuwa akisema, "Vuteni, vuteni muone." Jumamosi moja baba mmoja alivuta kidato cha nne, akachungulia, akamwita mkewe. "Njoo uone, hata hapa bado pana nafasi." Kwenye kidole chake lilikuwa limening'inia gagulo la Mama Sweta.

Alilichukua kwenye kidole kile, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya karakana mpaka waondoke. Alisimama karibu na dirisha. Ndani aliziona mbao za mumewe zimelala kwenye rafu, kila moja na nafasi yake, na kati ya mbao na mbao vimewekwa vijiti ili hewa ipite. Fundi alikuwa mkali sana kwa hilo. Mbao zikibanana zinavunda, alikuwa akiwaambia wateja. Zinapinda. Mama Sweta alizitazama kwa muda mrefu, gagulo likiwa mkononi.

Mwezi wa pili wa wageni, Fundi alianguka. Alikuwa kwa mteja, juu ya kenchi za paa, akakanyaga ubao uliokuwa haujapigiliwa. Mfupa wa muundi ulivunjika pawili. Hospitali walimfunga plasta kuanzia vidole vya mguu hadi pajani, wakamwambia wiki sita, mguu uwe umeinuliwa, na asiukanyagie kabisa mpaka aambiwe.

Mafundi wenzake wawili walimleta nyumbani. Mguu haukukunjika, kwa hiyo mlango ukawa kazi. Walimjaribu kichwa kwanza, akagota kwenye ngazi. Wakamjaribu mguu kwanza, ukagota jikoni. Mwisho walimwingiza ubavu, kama kabati, huku yeye mwenyewe akitoa maelekezo. Ngazi ilikuwa haina mjadala. Wakamlaza kwenye benchi la Mlingoti, na mguu wenye plasta ukaegeshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya jiko. Benchi likaisha, na baada ya ndoo nyumba nayo ikaisha. Mlingoti akahamia darini kwa mama yake.

Siku ya kwanza Fundi alikuwa na maneno mengi. Alisema amepata likizo ambayo hajaipata tangu azaliwe. Alisema kila kitu anakifikia kwa mkono, hata chumvi, na nyumba gani nyingine ingempa mgonjwa raha hiyo.

Siku ya pili alikuwepo nyumbani saa sita mchana kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Jiko lililotoka kuzimwa lilikuwa bado linatoa joto nusu mita kutoka kwenye vidole vyake, na juu ya kichwa chake, kwenye meza, mashine ya kufumia ilikuwa inakwenda na kurudi, kwacha, kwacha, kwacha.

"Hiyo mashine itaisha saa ngapi?" aliuliza.

"Sare zinatakiwa Ijumaa."

"Kichwa kinaniuma."

"Pole."

"Huwezi kufumia nje?"

"Vumbi. Uzi mweupe huu." Mashine haikupunguza mwendo. "Vumilia tu. Utazoea."

Alimtazama mkewe kuona kama anatania. Uso ulikuwa kwenye nyuzi.

Siku ya tatu Mlingoti alirudi kutoka shuleni, akasimama mlangoni na begi mgongoni. Akasalimia, akabaki pale pale. Fundi akamwambia aingie. Akasema sawa, lakini hakuingia. Mama yake alitupa taulo, likatua kifuani kwa Fundi. "Jifunike uso," alisema. "Mtoto anataka kubadilisha nguo."

Fundi akajifunika. Chini ya taulo alisikia binti yake akipita kwa tahadhari juu ya mguu wake, kiwiko kikigonga ukuta, zipu, pumzi. Alipolitoa, Mlingoti alikuwa tayari na gauni la nyumbani na alama mpya ya vumbi kwenye paji la uso.

"Siku zote unabadilishia wapi?" Fundi aliuliza.

Mlingoti alimtazama mama yake kwanza. "Karakana, baba. Nyuma ya rafu ya mbao. Ukiwa umekwenda kwa wateja."

"Na nikiwa nipo?"

"Sibadilishi. Nakaa na sare mpaka jioni."

Chakula cha jioni Fundi alikila nusu.

Siku ya nne ndiyo iliyomvunja. Choo alikijenga mwenyewe, kwa vipimo vya mtu anayeweza kukunja magoti. Siku tatu za mwanzo wale mafundi wenzake walipita asubuhi wakambeba kwenda kwa jirani mwenye choo kikubwa. Siku ya nne hawakutokea. Mchana ukafika, mambo hayasubiri. Mama Sweta alileta ndoo, akatundika shuka kutoka kwenye ngazi hadi kwenye msumari, akampandisha na kumweka sawa, akamshika Mlingoti mkono, wakatoka wakasimama uani juani. Jirani aliyekuwa akipita aliwauliza mbona wamesimama kwenye jua.

"Tunapunga upepo," Mama Sweta alijibu. Hakukuwa na upepo.

Waliporudi, Fundi alikuwa amegeukia ukuta. Mama Sweta akafanya yaliyokuwa ya kufanywa, akanawa mikono, akafungua meza, akaipandisha mashine. Alikuwa ameshafuma mistari mitano aliposikia sauti kutoka ukutani.

"Mama Sweta. Hii nyumba ni ndogo."

Mashine ikasimama.

"Umesemaje?"

"Nimesema nyumba hii ni ndogo. Haitutoshi. Nimefikiri sana tangu jana." Aligeuka kwa shida, na usoni alikuwa na ule mwanga aliokuwa nao kila alipopata wazo. "Nipe daftari na penseli. Tunaweza kuongeza upande ule wa mashariki, nikiweka ukuta wa kuteleza, mchana unakuwa sebule, na kitanda kinaingia ukutani..."

Mama Sweta alisimama. Kichwa chake kiligusa boriti, hakujali.

"Miaka tisa," alisema. Hakupaza sauti, na Mlingoti, aliyekuwa ameketi kwenye kidato cha tatu, baadaye alisema ni heri angepaza. "Miaka tisa nimekuambia kwa mdomo huu. Nimekuambia sweta zinanuka. Nimekuambia mtoto amekua. Mama yangu alilala hapo mlangoni pa choo, nikakuambia, ukaniambia mbona mama yako ni mtu wa kawaida, hana makuu. Mguu umekuambia siku nne, umesikia. Kwa hiyo thamani yangu mimi iko chini ya mguu."

"Si hivyo, mke wangu. Ninachosema ni kwamba sasa nimeona."

"Umeona kwa sababu umebanwa wewe. Sisi tulipobanwa ilikuwa kuishi kwa kiasi."

Fundi alikuwa bado amenyoosha mkono kusubiri penseli. Mama Sweta aliichukua kwenye droo, akaitia kwenye nywele zake. "Nyumba utachora nitakaposema mimi. Na humo hakuna kitu kitakachokunjwa. Kitanda kitakuwa kitanda asubuhi, na jioni kitakuwa kitanda." Kisha akamgeukia binti yake. "Mlingoti, inuka. Shika ule upande wa mashine."

Walitoka nayo, mama mbele, binti nyuma. Fundi alisikia mlango wa karakana ukifunguliwa. Akasikia kitu kizito kikiburutwa, halafu kingine, halafu mbao zikianguka moja juu ya nyingine, mlio ambao aliujua kama anavyoijua sauti ya mama yake.

"Mnafanya nini?" aliita.

"Tunatoa mbao," Mlingoti alijibu kutoka mbali.

"Mziweke wapi?"

"Nje, chini ya kipenu."

"Zitabanana. Zitapinda. Mama Sweta, zile ni mbao za mlango wa mteja, zinahitaji hewa."

Akasikia hatua za mkewe zikija. Alisimama mlangoni, vumbi la mbao kwenye nywele, jasho shingoni, penseli ikiwa bado imechomekwa. Alimtazama Fundi, akatazama ule mguu uliojaza nyumba.

"Zitazoea," alisema, akarudi kazini.

Hadi jua linapotua walikuwa wamesafisha nusu ya karakana. Godoro la darini waliliteremsha kwa kulikunja na kulisukuma, na Mlingoti alichukua ubao mpana wa baba yake akaufanya kitanda juu ya matofali. Mashine iliwekwa kwenye meza ya useremala, ambayo ungeweza kuweka juu yake mashine nne. Nyuzi zote zilipangwa kwenye rafu kwa rangi, nyekundu hapa, nyeupe hapa, bluu pale. Mama Sweta alinyoosha mikono yote miwili kushoto na kulia, na haikugusa kitu. Alikaa hivyo kidogo, mikono imenyooka, kama mtu anayepimwa nguo.

Fundi alibaki peke yake katika mita tano kwa tatu kwa wiki tano na siku tatu. Sitaki mseme mkewe alimtupa. Chakula kilikuja kwa wakati, ndoo ilitolewa, maji ya kuoga yalikuwa ya moto. Lakini kilichokuja kilikuja kwenye sinia, na aliyekileta hakukaa. Mchana kutwa alisikia mashine upande wa pili, na mara nyingine kicheko cha mama na binti. Alishindwa kukumbuka mara ya mwisho kukisikia. Siku moja alimwambia mkewe kwamba amechoka kukaa peke yake.

"Una nafasi sasa," Mama Sweta alisema, akachukua sinia.

Aliporuhusiwa kutumia magongo, mahali pa kwanza alipokwenda ni karakana. Akasimama mlangoni, akaona vitanda viwili, nguo zimetundikwa kwa mpangilio, binti yake ameketi wima akifanya hesabu mezani. Hakuingia. Alizunguka hadi kipenuni, akazipapasa mbao moja moja. Tatu zilikuwa zimepinda. Alizitenga hizo tatu kando.

Nyumba ilichukua miezi mitano. Ramani alichora Fundi, lakini mkewe alisimama begani kwake. Vyumba vitatu na jiko la nje. Mara mbili mkono wa Fundi ulichora bawaba bila yeye kujua, na mara zote mbili kidole kilitua kwenye karatasi. "Hiyo ni nini?" "Nilifikiri tu." "Futa." Chumba cha kufumia kilitazama upande ambao moshi hauji. Chumba cha Mlingoti kilikuwa na mlango wenye kitasa na ufunguo, na siku ya kwanza alijifungia humo tangu mchana mpaka jioni, hana analofanya, amejilaza tu.

Walipohamia, mtangazaji alipiga simu. Alikuwa amesikia kwamba Fundi amejenga nyumba ya pili, akataka kuja kuona safari yao imefika wapi. Alikuja na viatu vyake vyeupe na mpiga picha yule yule. Mama Sweta hakutoa mashine nje. Alikuwa anafuma walipoingia, na aliendelea kufuma.

Fundi, akiegemea gongo moja, alitazama kamera. "Baada ya kufikiri kwa kina," alianza, "niligundua kwamba familia inapokua inahitaji nafasi ya..."

"Hukugundua," Mama Sweta alisema, mikono ikiwa kwenye mashine. "Uliambiwa."

Kamera ikamgeukia. Mtangazaji akampelekea kipaza sauti, na safari hii hakuna aliyejibu kwa niaba yake. Akasema yote. Alisema kuhusu vitunguu na sweta ishirini na mbili. Alisema kuhusu droo ya nne na kidole cha mwanamume asiyemjua. Alipofika kwa mama yake alisimamisha mashine kwanza, akasema hadi mwisho, hata kuku ambao hawakuwepo, kisha akaiendesha tena.

Mtangazaji alimtazama Fundi, labda akitarajia abishe. Fundi alikuwa anatazama ncha ya gongo lake.

"Ni kweli," alisema. "Aliniambia. Nilikuwa nasikia."

Huenda alidhani anatubu. Lakini Mama Sweta aliachia mkono wa mashine, na uzi ukakatika. Miaka yote hiyo alijifariji kwamba mume wake hasikii. Kwamba mtu aliyezoea msumeno na nyundo masikio yake yameziba. Sasa ameambiwa, mbele ya watu, kwamba alikuwa anasikia, kila neno, huku anakula. Hasira aliyokuwa ameanza kuizoea ilirudi ikiwa mpya kabisa. Alichukua ncha mbili za uzi akaanza kuziunga.

Kipindi hicho hakikurushwa. Mama Sweta alisubiri wiki tatu, kisha akampigia mtangazaji mwenyewe. Mtangazaji alikuwa na adabu sana. Alisema mazungumzo yalikuwa mazuri, yenye hisia, ila watazamaji wao wanapenda kitu cha kuwatia moyo. Kile kipindi cha kwanza, alisema, bado watu wanakiangalia kila siku. Na ni kweli, mpaka leo kinazunguka kwenye simu za watu, na humo Fundi bado anasema hawakosi kitu, na Mama Sweta bado anafungua mdomo na kukatizwa.

Kwa hiyo wageni hawakukoma. Fundi alitaka kuwarudisha kwa upole; sasa aliona aibu, na ile nyumba ndogo alikuwa ameijaza misumeno na makopo ya rangi. Mama Sweta ndiye aliyekuwa akitoka getini, na upole ulikuwa umemwishia. "Hakuna maonyesho," alikuwa akisema. "Nendeni makwenu."

Jumamosi moja alikuja baba na mkewe. Mume alikuwa na tepu ya kupimia kiunoni na daftari lililojaa michoro. Mke alikuwa na mimba ya miezi saba hivi. Mume alieleza kwamba wamekipenda sana kile kipindi, wana kiwanja, wanataka kuanza kidogo kidogo, miaka miwili tu.

Mama Sweta alikuwa ameshaanza kufunga geti. Akalifungua.

"Ingieni," alisema. Akamwita Fundi aondoe misumeno yake na makopo yake. Fundi akaondoa, bila kuuliza. Mama Sweta akaleta mtungi wa gesi, akauweka jikoni, kisha chai, sukari, sufuria moja na vikombe vinne, akavipanga kwenye droo. "Wewe, baba, kaa kwenye hilo benchi unyooshe mguu mmoja, uufanye kama umevunjika. Wewe, mdogo wangu, tupikie chai watu wanne."

Mume alicheka, akakaa, akanyoosha mguu. Mke akaingia kwa ubavu, tumbo likitangulia. Mama Sweta akaufunga mlango, akaenda kuketi na Fundi kwenye kivuli cha kipenu. Ndani walisikia droo ikivutwa, meza ikigonga, mume akisema si huko, sufuria ikianguka, kimya, kisha droo tena. Ikapita nusu saa.

Mlango ulipofunguliwa, alitoka mke peke yake. Hakuwa na chai. Nywele zilikuwa zimemganda usoni, na begani alikuwa na alama ya vumbi. Alisimama akapumua, mkono kiunoni. Kisha akageuka, akaingiza mkono ndani bila kuingia mwenyewe.

"Lete tepu," alimwambia mumewe.

Alipoipata alivuka uani, akapita karibu na kipenu, akaomba ruhusa kwa macho, akaingia kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Mama Sweta alimfuata. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kulala. Yule mwanamke alichuchumaa kwa shida kwenye kona, akaweka ncha ya tepu ukutani, na Mama Sweta akachukua ncha ya pili akaanza kurudi nyuma nayo.